Karai la Kumi na Mbili

Chumba cha kufulia, hotelini
4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Mume wangu Kinyozi naye anakusalimu, anauliza hizo nywele zako huko porini anakukata nani.

Nina habari, na nataka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa Mama, maana Mama akiisimulia analia. Nina ujauzito wa miezi minne. Ndiyo, nimekuficha mitatu. Nisamehe.

Mama anataka niache kazi leo hii, nilale chali mpaka Julai kama gunia la unga. Kinyozi anasema niamue mwenyewe, halafu kila asubuhi ananifuata nyuma nyuma mpaka getini, akidhani simwoni. Mimi kazi yangu naipenda. Tuko madobi saba, vitanda mia mbili. Mashuka yakitoka kwenye mashine ni mazito kama maiti, unayanyanyua, unayatia kwenye toroli, unalisukuma mpaka kwenye kikaushio, kisha pasi. Mwisho tunakunja wawili wawili: mimi na Mama Pasi, yule mama mkubwa niliyekuandikia habari zake. Anashika pembe mbili, nashika mbili, tunavuta, tunasogeleana, tunakutana mikono. Siku hizi tumbo langu linafika kabla ya mikono.

Mkunga amesema mjamzito si mgonjwa. Nitembee, ninyooshe miguu, nifanye kazi. Ila mashuka yaliyolowa nisinyanyue, kila saa nikae kidogo, maji ninywe, na joto la pasi nilikimbie. "Ukiona tone la damu au kichwa kikizunguka, njoo saa hiyo hiyo, usinitumie salamu." Kanipa karatasi nimpe msimamizi. Ninayo mfukoni. Sijaitoa bado. Naona haya, Mjomba. Nisiponyanyua mimi, si atanyanyua mwenzangu?

Mama anasema Bibi alibeba mawe machimboni akiwa na mimba yako. Nikamuuliza ilikuwaje, akasema, "Mimi nilikuwa sijazaliwa. Muulize mjomba wako, yeye alikuwepo." Basi nakuuliza.

Mpwa wako

*

Kambi ya barabara, kilomita ya 92
15 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba ya pili, na ya tatu mpe huyo aliye tumboni.

Barua yako imeletwa na lori la mafuta, kama kawaida, maana simu huku ni pambo la mfukoni, mtandao uliishia kilomita ya sitini ukarudi mjini. Nimeisoma nikiwa juu ya greda. Nilipofika kwenye "miezi minne" mguu wangu ukakanyaga wenyewe, nikasawazisha mita mia tatu za barabara ambazo zilikuwa za kesho. Mhandisi akaja na vyombo vyake, akapima, akapima tena, akavua kofia. Nikamwambia, "Usinitazame hivyo, ni furaha tu."

Sasa, habari ya Bibi yako. Naam, nilikuwepo. Sikuona vizuri kwa sababu ya mahali nilipokuwa, lakini nilikuwepo.

Bibi yako alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, lakini mpini wenyewe wa chuma. Kila mwanamke pale machimboni alitakiwa makarai kumi na mawili ya mawe kwa siku, kutoka shimoni hadi kwenye lori, mlima mtupu. Nyapara alikaa juu na kijiti chake, anahesabu. Asiyefikisha kumi na mawili, kesho nafasi yake ina mtu mwingine. Siku niliyozaliwa jua lilikuwa linapasua mawe lenyewe. Wavunja kokoto waliweka nyundo chini wakakaa kulitazama likifanya kazi yao.

Bibi yako akatua karai la kumi na moja. Akamwambia nyapara, "Ningoje." Akaenda nyuma ya rundo. Nyapara alikuwa ameanza kukohoa. Kabla hajamaliza kikohozi, mimi nimeshatoka. Kilo tano na nusu! Walinipima kwa mizani ya kokoto kwa sababu ile ya zahanati ingeona aibu. Sikulia. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, nikaona kazi bado ipo. Bibi yako akanifunga kifuani, akaweka ngata kichwani, akajitwisha karai la kumi na mbili, akalifikisha. Nyapara, mtu ambaye hajawahi kumsifu hata mke wake, alisimama.

Ndio watu unaotoka kwao. Kwa hiyo mwambie mama yako kitanda ni cha usiku. Mashuka ni kitu gani mbele ya mawe? Shuka hata likikuangukia unaweza kulilalia.

Kinyozi mwambie asikufuate nyuma nyuma. Atangulie, akusafishie njia.

Mjomba wako,
Mfalme wa Greda, mzaliwa wa machimboni

*

Chumba cha kufulia
2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne, ya nne nimewasomea wenzangu wakati wa chai. Mama Pasi alicheka mpaka akaegemea mashine. Ile ya nyapara na kikohozi wameitaka mara mbili. Sasa hapa hakuna anayeniita kwa jina, naitwa Mjukuu wa Mawe. Hata mlinzi wa getini: "Mjukuu wa Mawe, leo karai la ngapi?"

Nimekuwa mwepesi, Mjomba, huwezi kuamini. Asubuhi natembea kwa miguu kutoka nyumbani, nusu saa, Kinyozi akihema pembeni. Nikichoka namuwazia Bibi na ngata yake, miguu inajipanga yenyewe. Mkunga kanipima, kasema mtoto anacheza vizuri na mapigo yangu ya moyo ni ya mtu anayetembea. Nilifurahi kama nimefaulu mtihani.

Ile karatasi sikuitoa. Siku moja niliishika mfukoni mbele ya msimamizi, kabla sijasema neno akaniambia, "Eti wewe ndiye mjukuu wa yule mama wa machimboni? Basi wewe mashuka utayanyanyua mpaka siku ya kujifungua, na toroli utalimaliza kwanza." Wote wakacheka, mimi nikacheka zaidi yao. Karatasi ikabaki mfukoni. Ningesema nini? Bibi hakuwa na karatasi.

Mama bado ananuna. Nimemwambia kitanda ni cha usiku. Akasema, "Hayo maneno ni ya kaka yangu, nayajua kwa harufu."

Mpwa wako,
Mjukuu wa Mawe

*

Kilomita ya 97
12 Machi

Mjukuu wa Mawe!

Jina hilo nimeliandika kwa chaki ubavuni mwa greda langu. Barua yako nimewasomea kambi nzima, kuanzia mpishi mpaka mpima ardhi. Mpishi alilia, akasingizia vitunguu, na siku hiyo hakupika kitunguu hata kimoja.

Unaona sasa? Mimi nilisema. Wengine wanaona tumbo wanaona ugonjwa. Wewe umeona tumbo ukaona safari. Nusu saa kwa miguu! Mimi nikiwa na umri wako nilitembea siku tatu bila kukaa, nikafika mapema mpaka ikabidi nirudi nyuma kidogo ili wanaonisubiri wasishtuke. Lakini sikuwa nimebeba mtu. Wewe umenipita, na mimi sisemi hivyo kwa kila mtu. Sijawahi kusema kwa mtu yeyote.

Nimewaambia hapa: mpwa wangu ana miezi mitano na nusu na anasukuma toroli ambalo mwanamume analizunguka mara mbili akitafuta mahali pa kulishika. Wamepiga makofi. Umepigiwa makofi na watu arobaini usiowajua, katikati ya pori.

Mjomba wako mwenye fahari

*

Chumba cha kufulia
28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Leo ni fupi, mkono umechoka.

Wiki hii hoteli imejaa, tumefua mara mbili ya siku zote. Mimi nipo tu. Jana kichwa kilizunguka kidogo nikakaa juu ya kikapu, Mama Pasi akaniuliza, nikasema nafunga kiatu. Nimevaa kandambili, lakini hakutazama.

Leo nimeona tone dogo tu, kama ncha ya kalamu. Nadhani ni uchovu. Toroli la mwisho nimelimaliza. Usimwambie Mama, wala Kinyozi. Nimekuambia wewe kwa sababu wewe utanielewa. Bibi asingekaa chini kwa ajili ya tone.

Mpwa wako

*

Kilomita ya 101
3 Aprili

Mwanangu,

Soma barua hii umekaa. Kama umesimama, kaa. Kama uko kazini, kaa juu ya hicho kikapu, na ukimaliza kusoma uende kwa mkunga, si kesho, si baada ya toroli. Yeye alikwambia usimtumie salamu, na wewe umenitumia mimi.

Nimepanda juu ya rundo la kokoto na simu mkononi mpaka betri imekufa. Daraja la muda limechukuliwa na mto, lori la mafuta limesimama ng'ambo. Mpima ardhi amekubali kuvuka kwa kamba na barua hii mdomoni. Hilo la mdomoni ni kweli. Kuanzia hapa kila nitakachoandika ni kweli, na unisamehe mkono wangu haujazoea.

Bibi yako hakunizaa machimboni.

Alikuwa na mimba yangu ya miezi sita, kama yako. Asubuhi, karai la nne, akaona tone. Hakusema. Aliogopa kupoteza nafasi yake, na aliona haya kwa wenzake, maneno yale yale uliyoniandikia wewe kwenye barua ya kwanza. Akabeba la tano. Katikati ya mlima akaanguka, mawe yakamwagika mpaka shimoni. Wanawake wakamlaza juu ya chekeche kubwa la kuchujia kokoto, wakambeba mbio mpaka kwa mkunga. Kidogo tu, mwanangu, kidogo tu nisingekuwepo hapa kukudanganya.

Mkunga alimlaza siku sita mpaka damu ikakata. Kisha akamwambia kama wako alivyokuambia: tembea, mwili usilale, lakini usibebe hata kijiko. Akarudi machimboni akijua amepoteza nafasi. Walikuwa wanawake kumi na wawili pale. Wale kumi na mmoja hawakumwambia kitu. Walianza tu. Kila mmoja akimaliza makarai yake kumi na mawili anashuka tena shimoni kubeba moja la kwake yeye. Mlima ule ule, jua lile lile. Hayo ni kumi na moja. Na yeye alitembea nao, kwenda nao, kurudi nao, kila safari, ngata kichwani na juu ya ngata hakuna kitu. Mikono mitupu. Aliniambia alipokuwa mzee kwamba hajawahi kubeba kitu kizito kama ile mikono mitupu, siku za kwanza. Baadaye akazoea. Akawa ndiye anayewaimbia.

Utaniuliza, na la kumi na mbili? Kila asubuhi walipofika walilikuta karai moja limejaa, limeshatuliwa kwenye lori. Hakuna aliyewahi kukiri. Bibi yako alisema viatu vya nyapara vilikuwa na vumbi la shimoni, na yeye kazi yake ilikuwa ya kukaa juu.

Nilizaliwa kitandani, kwa mkunga, kabla ya wakati wangu. Kilo mbili kasoro. Nilikuwa mdogo kama kiatu. Nilianza kutembea nikiwa na miaka mitatu, na wenzangu wa mtaani waliniita Nusu Karai. Unajua jina la namna hiyo linavyomkaa mtu. Basi nikaanza kujiongezea kilo. Kila nilipohama mji niliongeza moja, na nilipofika tano na nusu nikaona sasa inatosha. Sikumwibia mtu kitu, nilidhani. Sikujua kuna siku mtoto wa dada yangu atajitwisha uongo wangu na mashuka juu yake.

Wewe si mjukuu wa mwanamke asiyekaa chini. Wewe ni mjukuu wa mwanamke aliyekubali kubebewa. Itoe hiyo karatasi.

Mjomba wako,
Nusu Karai

*

Chumba cha kufulia
13 Aprili

Kwako Mjomba wa Mjukuu wa Mawe,

Sikujui, ila uongo wako naujua, niliucheka mpaka mbavu zikauma. Ndiyo maana naandika kwa hasira. Mimi ni yule wanayemwita Mama Pasi.

Mpwa wako yu hai na mtoto yu hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua umeruka mistari.

Barua yako ilifika tarehe nane, imelowa, ina alama za meno. Aliisoma akiwa amesimama, mbishi kama wewe. Kisha akakaa juu ya kikapu mwenyewe, bila kuambiwa, akaninyooshea karatasi. Nilidhani ni yako. Ilikuwa ya mkunga, ya tangu Februari, imekunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Miezi miwili nakunja naye mashuka uso kwa uso, na mfukoni ana ile karatasi! Nilimshika mkono tukaenda, na aproni zetu.

Tone lilikuwa limekuja mara tatu, hakukuambia. Mkunga alimsema mpaka mimi nikaomba msamaha. Kampa wiki ya kupumzika. Mtoto anacheza, damu imekata. Yupo nyumbani, anaona haya kukuandikia. Kinyozi amefunga kibanda siku mbili, anampikia. Nimeonja, kazi yake ni nywele.

Barua yako nimewasomea chumba kizima, mashine zimezimwa. Sijui kama uliandika isomwe, lakini ile ya kwanza ilisomwa, na hii nayo ilikuwa na haki yake. Nilipofika kwa wale kumi na mmoja hakuna aliyetazamana na mwenzake. Sisi tumebaki sita. Binti wa mashine ya pili, ambaye hata kikombe cha chai hamwazimi mtu, akasema, "Mizigo yake kwa zamu ni sita. Mmoja mmoja. Kuna cha kuzungumza hapo?"

Msimamizi alisimama mlangoni muda wote. Akasema, "Kwa nini hiyo karatasi sikupewa mimi?" Nikamjibu, "Kumbuka ulichosema kabla hajaitoa." Akaondoka. Amerudi na stuli, kaiweka kwenye meza ya kukunjia mashuka makavu, kule kwenye dirisha. Kasema ni moja tu, tusizoee.

Ukiandika tena, kilo zako ziache zilivyo.

Mama Pasi

*

Nyumbani
9 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Ni msichana. Amezaliwa tarehe nne, siku aliyotajiwa na mkunga, kama mtu aliyepewa ahadi. Kilo tatu na robo. Mizani ya zahanati, Mjomba, na karatasi ninayo. Hii nimeitoa, nimemwonyesha kila mtu.

Sikukuandikia muda mrefu kwa sababu kila nilipoanza niliona haya, na haya ndiyo iliyotaka kuniua. Nilirudi kazini baada ya ile wiki. Siku ya kwanza kwenye stuli nilitamani sakafu inimeze. Nakunja mashuka makavu kwenye dirisha, nawatazama wenzangu wakinyanyua mashuka mabichi yangu, mmoja mmoja. Kila saa nilisimama, nikatembea nao mpaka kwenye kikaushio na kurudi, mikono mitupu. Bibi alisema kweli. Ni mizito.

Wiki ya pili binti wa mashine ya pili akaniambia, "Bibi yako si alikuwa anaimba? Sisi tunabeba bure?" Basi nikaimba. Sauti yangu unaijua. Wakasema afadhali nirudi kunyanyua.

Niliacha kazi mimba ilipotimiza miezi minane, kwa miguu yangu, nusu saa mpaka nyumbani, na Kinyozi ametangulia kusafisha njia. Mkunga amesema nimejifungua vizuri kwa sababu mwili ulikuwa haujalala. Mama Pasi anasema ni kwa sababu ulikaa. Wanabishana mpaka leo.

Mtoto akikua nitamsimulia ipi, ya kwanza au ya pili?

Mpwa wako

*

Kilomita ya 118
21 Julai

Mama wa mjukuu wangu,

Marahaba. Kilo tatu na robo! Hapa nimesema kilo tatu na robo, ushahidi ninao wa maandishi. Hivyo ujue umenibadilisha.

Wewe uliniandikia kwamba unaona haya kwenye stuli. Nikwambie: nimesawazisha barabara kilomita mia na kumi na nane, nimeona wanaume wakinyanyua mapipa, nimejiona mwenyewe nikinyanyua vitu ambavyo leo sitavitaja kwa sababu ya Mama Pasi. Sijaona mtu mwenye nguvu ya kukaa mbele ya wenzake wanaombebea, akasimama kila saa, akatembea nao, akaimba vibaya. Mimi nilishindwa kubeba kilo mbili kasoro kwa miaka hamsini.

Msimulie ya pili. Lakini nikuonye. Habari yako ilipofika, nilikaa na wenzangu wakati wa chakula, nikawaambia ukweli wote: tone, chekeche, wanawake kumi na mmoja, kila siku kwa miezi miwili, hakuna aliyenung'unika, na karai la kumi na mbili linajazwa na nyapara kwa siri. Hawa ni watu walioamini kilo tano na nusu. Waliamini jua linalopasua mawe. Waliamini kikohozi.

Mpishi aliweka sahani chini, akanitazama kwa huruma, akasema, "Hapo, Mjomba, leo umezidisha."

Nusu Karai